Tarocchino, Taroti ya Bologna: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitaja taroti kwetu, wengi hufikiria mpiga ramli, mshumaa na kitambaa cheusi. Bologna, kaskazini mwa Italia, taroti ni jambo la meza yenye watu wanne, vikombe vya kahawa na kalamu ya kuandikia pointi. Ramli ipo pia, na ina historia yake ndefu, lakini ilikuja baadaye. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu karata hizi, na baadhi nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yanastahili.

Tarocchino ni nini?

Ni karata za taroti za mji wa Bologna, na pia ni jina la michezo inayochezwa kwa karata hizo. Tamka "tarokino". Ni nyembamba na ndefu kuliko karata tulizozoea. Picha zake zimechorwa pande mbili, kichwa juu na kichwa chini, kwa hiyo mchezaji halazimiki kuigeuza karata mkononi na kumfichulia mwenzake kwamba ameshika kitu kikubwa. Mtindo huo wa vichwa viwili uliingia Bologna karne ya 18. Kabla ya hapo watu walichorwa wazima, kuanzia kichwani hadi miguuni.

Pakiti ina karata ngapi?

Karata 62. Taroti kamili ina 78, ila watu wa Bologna waliondoa namba 2, 3, 4 na 5 katika kila aina. Hiyo ni karata 16, ndogo na zisizoleta msisimko wowote, na mchezo ukawa mkali zaidi.

Zilizobaki zimegawanyika hivi. Kuna aina nne, kila moja na karata kumi: ree, 6, 7, 8, 9, 10, Ghulamu, Mpanda-farasi, Malkia na Mfalme. Juu ya hizo 40 kuna turufu 21 za kudumu zenye picha zake zenyewe. Ya mwisho ni Mwehu, anayesimama peke yake. Aina hizo nne ni vikombe, sarafu za dhahabu, panga na magongo. Mchezaji wa Pwani ana jina la kila moja tayari, kwani Kopa, Uru, Shupaza na Pau tulizipokea kwa Wareno, na karata za Kireno za zama hizo zilichorwa vitu hivyo hivyo vinne. Nitatumia majina hayo kuanzia hapa.

Ukipata pakiti hii, waangalie Maghulamu wa Kopa na wa Uru. Ni wanawake. Wenzao wa Shupaza na Pau ni wanaume.

Turufu ni zipi, na ipi inaila ipi?

Kuanzia juu: Malaika, Dunia, Jua, Mwezi. Hizi nne ndizo kubwa, na hazina namba. Zinafuata zenye namba 16 kushuka hadi 5: Nyota, Radi, Shetani, Kifo, Msaliti, Mzee, Gurudumu, Nguvu, Haki, Kiasi, Gari, Upendo. Chini yake wapo Wamori wanne, wapiganaji weusi nitakaowaeleza mbele, na mwisho kabisa Bégato, yule mfanya kiinimacho wa sokoni.

Anayezijua taroti nyingine atashtuka kuona Malaika anaila Dunia. Ndivyo ilivyo Bologna. Malaika anapuliza tarumbeta na wafu wanafufuka, na wachezaji wa mji huu waliona hakuna kitu kinachoweza kuishinda siku hiyo.

Picha nazo zina mambo yake. Jua ni mwanamke anayesokota uzi. Mwezi ni wanajimu wawili kazini. Nyota ni wanaume watatu, mmoja amevaa taji, wanaokumbusha wale mamajusi waliofuata nyota. Msaliti ananing'inia kwa mguu mmoja, adhabu ambayo miji ya Italia iliwachora nayo wasaliti kwenye kuta ili kuwaaibisha hadharani. Kwa nini watu wengi wamtafutie mtu huyu maana za siri, ilhali kila mpita njia wa karne ya 15 alimjua kwa kumwona tu?

Je, ni kweli taroti ilitoka Misri ya mafarao?

Hapana. Dai hilo lilitolewa mwaka 1781 na Mfaransa Antoine Court de Gébelin, aliyesema picha hizi ni mabaki ya kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri. Wakati huo hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri. Jean-François Champollion alitangaza ufumbuzi wake mwaka 1822. Dai lilienea kwa sababu lilikuwa tamu, na mpaka leo linauza vitabu.

Tunachokijua kinatosha kabisa bila kuongezewa chumvi. Kumbukumbu ya kwanza ya karata za turufu inatoka Florence mwaka 1440, katika maandishi ya mtu aliyenunua pakiti moja ili ampe zawadi bwana mmoja wa vita, Sigismondo Malatesta. Miaka miwili baadaye zinatajwa katika hesabu za watawala wa Ferrara. Wakati huo ziliitwa karata za ushindi tu. Jina la tarocchi linaonekana mwanzoni mwa karne ya 16. Mwanafalsafa Michael Dummett wa Oxford alichapisha mwaka 1980 utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka mia tatu ya mwanzo taroti ilikuwa chombo cha mchezo.

Misri ipo katika habari hii, lakini ni Misri ya Wamamluki, watawala Waislamu wa zama za kati, si ya mafarao. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka ulimwengu wa Kiislamu, na pakiti ya Wamamluki iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapı mjini Istanbul ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Ina mfalme, naibu wake, na naibu wa pili. Waitalia walipokea karata hizo, wakageuza fimbo za polo kuwa magongo, kisha wakabuni turufu zao juu yake.

Nani aliibuni Tarocchino?

Bologna kuna picha ya kuchorwa ya mwana mfalme aitwaye Francesco Antelminelli Castracani Fibbia, aliyefariki 1419, na maandishi yake yanamtaja kuwa ndiye mbunifu wa mchezo huu. Maandishi hayo yaliwekwa muda mrefu sana baada ya kifo chake. Wanahistoria hawayategemei, nami siyategemei.

Hao Wamori wanne walitoka wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mahali pao palikuwa na Papa, Papa wa kike, Kaisari na Malkia wa Kaisari. Bologna wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Papa, lakini wenyeji walishikilia kwamba waliingia humo kwa mkataba na kwamba seneti yao inatawala pamoja na mjumbe wa Papa. Mwaka 1725 kasisi mmoja, Luigi Montieri, alitoa pakiti ya Tarocchino iliyobandikwa habari za jiografia: nchi, miji, na aina za serikali. Mtu acheze na ajifunze. Kwenye nafasi ya Bologna aliandika kwamba mji una "serikali ya mchanganyiko".

Maneno hayo mawili matatu yalimletea balaa. Kwa mjumbe wa Papa, kusema serikali ni ya mchanganyiko kulikuwa ni kusema Papa hatawali peke yake. Montieri akakamatwa pamoja na waliohusika na kazi hiyo. Lakini ndani ya muda mfupi wakubwa wakaona kwamba kumwadhibu mtu kwa kuandika jambo ambalo mji mzima unaliamini kutawasha moto mkubwa zaidi. Wakaachiliwa. Ikabidi wapate sababu nyingine ya kulalamikia pakiti ile, na sababu ikapatikana: haifai sura ya Papa iwe ndani ya karata za kuchezea. Papa, mwenzake wa kike na makaisari wakaondolewa, na nafasi zao wakapewa Wamori, wapiganaji weusi waliochorwa kama Wazungu wa karne ya 18 walivyoviona vichwani mwao vita na watu wa ng'ambo. Msomaji wa Afrika atawatazama kwa jicho lake, na ana haki hiyo. Ni picha za ugeni, na hazimwonyeshi mtu yeyote aliyepata kuishi.

Watu wa Bologna walikubali agizo, na mpaka leo, dola ya Papa ikiwa imeshaondoka mjini tangu 1859, Wamori wangalipo. Kanuni ya mezani haikubadilika hata kidogo. Wale wanne wa zamani walikuwa sawa kwa cheo, na Wamori nao ni sawa. Wakianguka wawili katika mzunguko mmoja, aliyetupwa mwisho ndiye anayekula.

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Mchezo mkuu unaitwa Ottocento, yaani mia nane, kwa sababu upande unaofikisha pointi 800 kwanza ndio unaoshinda. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mkabala nawe. Mambo yote yanazunguka kwenda kulia.

Mgawaji huchanga karata, zikakatwa, kisha hugawa tano tano mpaka kila mtu awe na 15. Zinabaki mbili. Hizo anazichukua yeye, halafu analaza mbili nyingine kifudifudi kutoka mkononi mwake, na zitahesabiwa upande wake. Haruhusiwi kulaza karata yenye thamani ya pointi tano.

Baada ya hapo ni kama mchezo wowote wa turufu unaoujua. Aina iliyoongozwa lazima uifuate. Kama huna, lazima utoe turufu. Kama na turufu huna, tupa unachotaka. Hulazimiki kuishinda karata iliyopo mezani.

Kuna jambo moja linalowachanganya wageni wote. Katika Shupaza na Pau, namba kubwa ndiyo kubwa: 10 inaila 9, na ree iko chini kabisa. Katika Kopa na Uru mambo hupinduka: ree inakaa mara tu chini ya Ghulamu, ikifuatiwa na 6, na 10 ndiyo ndogo kuliko zote. Huu ni utaratibu wa zamani sana, na michezo mingi ya Ulaya imeuacha. Bologna wameushika. Siku za mwanzo utaupoteza mzunguko mmoja au miwili kwa kusahau, kisha mkono utazoea.

Wenzi wanaruhusiwa ishara chache zinazotambuliwa na kanuni, kama kugonga meza. Kukonyeza na kukohoa ni wizi.

Pointi zinahesabiwaje?

Hapa ndipo utamu ulipo, kwa hiyo vumilia.

Karata zenyewe ni rahisi. Malaika, Dunia, Bégato, Mwehu na Wafalme wote wanne ni pointi 5 kila mmoja. Malkia 4, Mpanda-farasi 3, Ghulamu 2. Nyingine zote, zikiwemo turufu kubwa kama Jua na Mwezi, zinahesabiwa 1. Karata ulizokula unazihesabu mbili mbili, na kila jozi unatoa pointi moja. Mfalme na garasa ni 5. Magarasa mawili ni 1. Mfalme na Malkia ni 8. Pakiti nzima inatoa 87, na anayekula mzunguko wa mwisho anaongezewa 6, jumla 93.

Sasa ukitegemea pointi hizo tu, 800 utaifikia kesho. Mali halisi iko kwenye makundi. Ukiwa na Wafalme watatu unapata 17, ukiwa nao wanne 34. Malkia watatu ni 14, Wapanda-farasi watatu 13, Maghulamu watatu 12, na wanne huwa mara mbili ya hapo. Kundi kubwa kuliko yote ni lile la Malaika, Dunia, Bégato na Mwehu: watatu kati yao 18, wote wanne 36. Halafu kuna misururu. Malaika akiwa na wawili kati ya Dunia, Jua na Mwezi ni 10, na kila karata inayoongezeka kwenye msururu ni 5 zaidi. Mfalme na watu wa nyumba yake, maree pamoja, Wamori pamoja, wote wana misururu yao. Mwehu na Bégato wanaweza kuziba pengo mahali karata inapokosekana.

Makundi hayo huhesabiwa mara mbili: mwanzoni kutoka mkononi, kabla ya kucheza, na mwishoni kutoka kwenye rundo la karata mlizokula. Na ukipata makundi matatu au zaidi kwa pamoja, pointi zinazidishwa kwa mbili. Chukua mfano huu. Mmemaliza kucheza, mnafunua rundo lenu, mnakuta Wafalme watatu, Malkia watatu na Maghulamu watatu. Ni 17 na 14 na 12, jumla 43, ikizidishwa ni 86. Hiyo ni karibu sawa na thamani ya karata zote za pakiti! Ndiyo maana utamwona mchezaji hodari akitoa turufu nzito kwa ajili ya kuokoa Ghulamu mmoja. Mgeni ataona ni ubadhirifu. Yeye anajua Ghulamu huyo ndiye wa tatu.

Mwehu anafanya kazi gani?

Hali wala haliwi. Ukibanwa, unamwonyesha badala ya kufuata aina, kisha unamrudisha kwenye rundo lenu na kumpa aliyekula garasa moja badala yake. Ni karata ya kujiokoa, na ya pointi tano.

Watu walianza lini kuzitumia kwa ramli?

Mwaka 1989 mtafiti wa Italia Franco Pratesi alitangaza kuhusu karatasi moja ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Bologna, iliyoandikwa kwa mkono kabla ya katikati ya karne ya 18. Imeorodhesha karata 35 za Tarocchino na maana zake. Ni ushahidi mkongwe kuliko wote tulionao wa kuzipa karata za taroti maana za kutabiria moja moja, na umetangulia dai la Misri kwa miaka mingi.

Soma maana zenyewe. Nyota ni zawadi. Gari ni safari, Dunia ni safari ndefu. Jua ni mchana, Mwezi ni usiku. Malaika ni ndoa na mapatano. Shetani ni hasira. Mzee ni mzee. Ree ya Shupaza ni barua. Hakuna makuhani, hakuna sayari, hakuna siri za ulimwengu. Ni mambo ya mtu anayesubiri habari za posa, za fedha, au za aliyesafiri. Ramli hii ya nyumbani iliendelea Bologna bila kelele, na zipo pakiti za zamani ambazo mtu ameandika maana hizo kwenye karata zenyewe. Kwangu mimi karatasi ile ina thamani kuliko vitabu vyote vya mafumbo vilivyoandikwa Paris baada yake, kwa kuwa inatuonyesha watu walitaka kujua nini.

Karata ya Kifo ikitoka, maana yake nitakufa?

Wasomaji wa siku hizi watakuambia Kifo ni "mabadiliko". Karatasi ya Bologna inasema kifo ni kifo. Lakini ukiniuliza mimi kama ina habari zozote za maisha yako, jibu ni hapana. Karata zilizochangwa vizuri hazimjui aliyezikata. Mtu akikutisha kwa karata hiyo kisha akakudai pesa za kuondoa nuksi, ondoka.

Je, kucheza Tarocchino ni dhambi au haramu?

Tenganisha mambo matatu: kucheza, kucheza kamari, na kupiga ramli. Uislamu unakataza kamari na unakataza ramli waziwazi. Kuhusu karata zisizo na pesa wanazuoni wana maoni tofauti, na wako wanaokataza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2116, inakataa kila namna ya kutabiri. Mchezo wenyewe, bila pesa na bila utabiri, ulichezwa karne nyingi katika mji uliokuwa mali ya Papa. Mwenye shaka amuulize shehe, padri au mchungaji wake, na amweleze ni mchezo wa namna gani hasa, kwa maana jina la taroti pekee linaweza kumfanya ajibu kuhusu jambo jingine.

Zinatofautianaje na taroti ninazoziona mtandaoni?

Zile nyingi zinafuata pakiti iliyotolewa London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith. Ilitengenezwa kwa ajili ya ramli tangu mwanzo, na hata namba ndogo zake zina picha za visa. Za Bologna zina vikombe, sarafu, panga na magongo tu kwenye namba, kama karata yoyote ya kuchezea.

Italia ina taroti nyingine za mikoa?

Ndiyo. Piemonte wanatumia pakiti ya 78. Sicily wana yao ndogo, inayochezwa bado katika miji michache kama Barcellona Pozzo di Gotto na Tortorici. Florence ilikuwa na Minchiate yenye karata 97, ila uchezaji wake ulikatika.

Nitazipata wapi?

Viwanda vya Modiano wa Trieste na Dal Negro wa Treviso vinatengeneza Tarocco Bolognese, na maduka ya mtandaoni huziuza. Angalia kwamba pakiti ina karata 62, maana wauzaji wengine huchanganya.

Usitumie karata za kawaida 52. Hazina Wapanda-farasi wala turufu za picha. Lakini kama una taroti yoyote ya 78, inatosha. Ondoa 2, 3, 4 na 5 za kila aina. Papa, Papa wa kike, Kaisari na mkewe wafanye Wamori. Mchawi ndiye Bégato, Mnara ndio Radi, na Hukumu ndiye Malaika. Kisha zisahau namba zilizoandikwa juu ya turufu, andika orodha ya Bologna kwenye karatasi na uiweke katikati ya meza mpaka kila mtu aijue.

Tuko watatu tu. Tufanyeje?

Upo mchezo wa watatu unaoitwa Terziglio, ambao wachezaji hunadi kwanza na mmoja hucheza dhidi ya wawili. Unatumia pakiti ile ile. Ila kama ndiyo mnaanza, mtafuteni wa nne na mcheze Ottocento, kwa sababu kanuni za makundi hukaa kichwani haraka zaidi ukiwa na mwenzi anayekukumbusha kuwa Ghulamu wa tatu bado hajatoka.